BWAWA NA NDIVA: Uhakiki wa istilahi za falsafa za uundaji wa programu

Wasomaji wetu wengi ni wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali ambao kila siku hukutana na maandishi yatokayo kwa mafundi wa kompyuta: maelekezo ya mitambo, fomu za kujazwa kwenye simu, vitabu vya mafunzo, na siku hizi hata nyaraka za kisheria. Lalamiko tunalolisikia mara kwa mara ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha kuyabeba mambo hayo. Sisi hatukubaliani na lalamiko hilo. Maneno yapo, na yasipokuwapo huundwa. Upungufu tunaouona uko mahali pengine: tunayafasiri maneno ya mafundi bila ya kwanza kuuelewa ugomvi wao. Mafundi hao wana mabishano ya miaka mingi juu ya namna bora ya kuunda programu, na karibu kila neno walitumialo limebeba upande mmoja wa mabishano hayo. Mfasiri asiyeyajua huuchukua upande bila kukusudia, na anayeulipia upofu huo ni mwananchi.

Katika makala haya tunakusudia kuyaeleza mabishano hayo kwa ufupi, kuzihakiki baadhi ya istilahi zinazotumika kuyaeleza, na mwishoni kutoa mapendekezo. Mifano yetu tutaichota Mwanga, katika milima ya Upare ya Kaskazini, kwa sababu huko ndiko fikra hizi zilikotujia, na kwa sababu huko tuliona mambo mawili yanayoufafanua ugomvi huu kuliko vitabu vingi.

1. Mzee na nywila

Tulikuwa katika ofisi moja ya huduma mjini Mwanga. Mbele yetu alikuwapo mzee aliyeteremka kutoka Usangi, na hiyo ilikuwa safari yake ya pili kwa shida ile ile. Alikuwa amepata ujumbe kwenye simu yake kwamba nywila yake imekwisha muda wake na kwamba anatakiwa kuiweka upya. Kijana wa mezani alimwamkia kwa adabu, akausoma ujumbe, kisha pakawa na mazungumzo haya:

"Mwanangu, hiyo nywila ndiyo kitu gani? Nyumbani wamenicheka, wanasema labda ni nywele."

"Ni neno lako la siri, baba. Lile unaloliandika kabla ya kufungua."

"Kumbe! Basi si wangeandika hivyo?"

"Wameandika Kiswahili sanifu, baba."

Jibu hilo la mwisho lilituchoma. Kijana hakukusudia ubaya wowote. Alikuwa akiitetea taasisi yake kwa adabu. Lakini katika maneno yake Kiswahili sanifu kimegeuka kuwa udhuru wa kutoeleweka. Mzee alilipa nauli mara mbili kuteremka na kupanda mlima kwa sababu ya neno moja, na neno hilo lilikuwa limechaguliwa na watu kama sisi. Hatuna budi kujiuliza ilikuwaje.

2. Mabishano yenyewe

Mwaka 1991 yalichapwa maandishi ya Richard Gabriel, mtaalamu wa Marekani aliyeitumikia kwa muda mrefu lugha ya programu iitwayo Lisp. Alikuwa akijiuliza kwa nini lugha yake, ambayo wataalamu waliisifu kwa uzuri, ilikuwa ikishindwa na vitu ambavyo yeye aliviona ni hafifu. Akaeleza kwamba kuna shule mbili za uundaji. Ya kwanza aliinasibisha na vyuo vikuu vya MIT na Stanford. Ya pili aliinasibisha na New Jersey, mahali zilipokuwapo maabara za Bell, ambako mfumo wa Unix ulianzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie.

Shule zote mbili zinakubaliana kwamba programu njema ina sifa nne: usahili, usahihi, ulinganifu na ukamilifu. Tofauti iko katika kuzipanga sifa hizo. Shule ya kwanza husema usahihi hauna mjadala. Kitu kisichokuwa sahihi kisitolewe. Usahili unaotakiwa zaidi ni wa sehemu anayoiona mtumiaji, yaani kiolesura, hata kama ndani ya mtambo fundi atateseka. Shule ya pili husema usahili unaotakiwa zaidi ni wa ndani, katika kazi ya fundi mwenyewe. Ukamilifu waweza kupunguzwa, na hata usahihi waweza kulegezwa kidogo, ilimradi kitu kiwe chepesi kuunda, kienee upesi, kisha kirekebishwe kikiwa tayari mikononi mwa watu.

Gabriel alitoa mfano wa wazi. Programu inaweza kuuomba mfumo ufanye kazi ndefu, kisha katikati likazuka jambo linalouita mfumo kwingine. Je, ile kazi iliyokatizwa ifanyweje? Shule ya kwanza husema mfumo uirudishe programu mahali ilipokuwa, kisha uiendeleze kana kwamba halikutokea lolote. Jambo hilo ni gumu kwa mwenye kuuunda mfumo. Shule ya pili husema mfumo uirudishie programu habari tu kwamba kazi imekatizwa, na mwenye programu ajue mwenyewe kujaribu tena. Mfumo umekuwa mwepesi, lakini ugumu haukutoweka. Umehamishwa kutoka kwa aliyeuunda mfumo kwenda kwa anayeutumia. Tunamwomba msomaji alishike jambo hili, maana tutalirudia.

Hitimisho la Gabriel lilikuwa kwamba shule ya pili ndiyo hushinda, kwa sababu kitu hafifu kilichokwisha kuenea hupata watu wengi wa kukitengeneza, na kitu kizuri kinachongojewa hakipati mtu. Alilipa wazo hilo jina la Kiingereza ambalo neno kwa neno ni sawa na kusema kwamba kilicho kibaya zaidi ndicho kilicho bora zaidi. Hakuishia hapo. Baadaye aliandika kujipinga mwenyewe kwa jina la bandia, Nickieben Bourbaki. Mtu aliyebishana na nafsi yake hadharani anastahili kufasiriwa kwa uangalifu.

Hapa ndipo uhakiki wetu unapoanzia. Akiandika "kibaya ni bora", mfasiri atakuwa ametoa kitendawili kisicho na jibu. Msomaji wa Kiswahili atadhani mwandishi anasifu uzembe. Gabriel hakusifu uzembe. Alisema kwamba kidogo kilichopo kina nguvu kuliko kikubwa kisichokuwapo. Wazo hilo si geni kwetu. Mtu akiulizwa hali ya mavuno katika mwaka wa mvua chache, hujibu, "Si haba." Hakusema mavuno ni mengi, wala hakusema ni mabaya, amesema yanatosha kuanzia. Kwa hiyo tunapendekeza shule ya pili iitwe falsafa ya si haba, na ya kwanza iitwe falsafa ya ukamilifu. Istilahi hizi zina faida moja kubwa: hakuna upande unaotukanwa.

3. Kanisa kuu na soko

Mabishano ya pili ni ya mwaka 1997, Eric Raymond alipotoa insha iliyopata umaarufu mkubwa miongoni mwa mafundi. Alitofautisha namna mbili za kuandaa kazi ya programu. Namna moja aliifananisha na ujenzi wa kanisa kuu, ambamo mafundi wachache hufanya kazi kimya kimya na kuitoa kazi ikiwa imekamilika. Namna ya pili aliifananisha na soko lenye kelele, ambamo kila mtu huleta alichonacho, na kazi hutolewa mapema na mara kwa mara. Mfano wake wa soko ulikuwa Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Wengi hudhani kanisa kuu katika insha hiyo ni makampuni yanayouza programu. Sivyo. Raymond aliyaweka humo hata baadhi ya makundi yaliyokuwa yakitoa programu zao kwa uhuru, kwa kuwa yalifanya kazi kwa faragha ya watu wachache.

Mfasiri akiandika "kanisa kuu na soko", hakuna neno alilokosea. Maana ndiyo itakayompotea. Katika milima ya Upare, kama katika sehemu nyingi za nchi yetu, kanisa hujengwa kwa mchango. Huyu analeta mchanga, yule tofali, mwingine siku yake moja ya kazi. Na misikiti hujengwa vivyo hivyo. Kwa msomaji wa Usangi au Ugweno, nyumba ya ibada ni mfano bora kabisa wa kazi ya wengi, nalo soko lina mtoza ushuru, sheria ndogo za halmashauri na wenye meza zao. Mfano umegeuka kichwa chini. Isitoshe, muumini anaweza kudhani kwamba dini yake inasemwa vibaya, ilhali mwandishi hakuwa na habari ya dini.

Kanuni tunayoitetea hapa ni hii: mfano wa maneno haufasiriwi kwa kamusi, hufasiriwa kwa kuitafuta kazi ule mfano uliokuwa ukiifanya. Katika Wilaya ya Mwanga mfano wa kuifanya kazi hiyo upo machoni pa watu. Tambarare kuna bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960 na kupokea maji ya mito ya Kikuletwa na Ruvu. Lina kituo cha umeme cha megawati 8, nalo huyapima maji yanayoteremka katika mto Pangani kwenda kwenye mitambo mingine ya umeme. Bwawa hilo lilichorwa na wahandisi, likajengwa kwa mpango mmoja, na mwananchi hawezi kwenda kulisogeza ukuta kwa jembe lake.

Milimani kuna ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la udongo au mawe, ambalo siku hizi pengine husakafiwa kwa saruji. Usiku huzibwa ili lijae maji ya chemchemi au ya kijito yanayoletwa na mfereji. Asubuhi huzibuliwa, maji yakafuata mifereji hadi mashambani kwa zamu. Kwa desturi liliandaliwa na ukoo au kijiji, na lilihifadhiwa kwa kazi ya pamoja ambayo Wapare huiita msaragambo. Ukuta ukimomonyoka, wanaolitumia ndio wanaokwenda kuuziba. Ndiva za namna hiyo zimejaa katika milima yote, upande wa Mwanga na upande wa Same pia.

Tunaona kwamba mfano wa bwawa na ndiva unaibeba hoja ya Raymond bila ya kuigusa dini ya mtu, tena unaisahihisha. Ndiva si ghasia. Ina zamu, ina viongozi, ina faini kwa mwizi wa maji. Linux nayo haikuwa ghasia: wengi huleta viraka, lakini wapo wanaoamua kipi kiingie na kipi kirudishwe kwa mwenyewe. Mfano wa soko uliificha habari hiyo, na watu wengi waliovutwa na insha ile walikuja kushangaa walipokuta ndani yake kuna wazee wa baraza.

4. Wepesi, urahisi na usahili

Neno linalotajwa zaidi katika mabishano ya mafundi ni lile tunalolifasiri kuwa "urahisi". Tungependa wafasiri wajihadhari nalo. Katika Kiswahili, rahisi ni kisicho kigumu, na pia ni kile ambacho bei yake ni ndogo. Maelezo yanayosema "mfumo huu ni rahisi" katika hati ya zabuni ya Serikali yanaweza kusomwa na mhasibu kwa namna moja na mhandisi kwa namna nyingine, na wote wawili wakawa na haki.

Ziko dhana tatu zinazostahili maneno matatu. Kitu kisichomsumbua mtu katika kukitumia kina wepesi. Kitu ambacho gharama yake ni ndogo kina urahisi wa bei, na yafaa neno "bei" litajwe. Kitu ambacho muundo wake hauna vipande vingi vilivyofungamana kina usahili. Ndiva ina usahili, lakini kuitumia si lazima kuwe kwepesi. Anayengoja zamu yake alfajiri katika baridi ya mlimani anajua hivyo. Bomba la nyumbani lina wepesi, lakini nyuma yake kuna mtambo usio na usahili hata kidogo. Ubishi wote wa Gabriel umo katika tofauti hiyo, na tafsiri inayotumia neno "urahisi" kwa yote mawili imeufuta ubishi kabla haujasomwa.

Katika Unix kuna chombo ambacho huyachukua yanayotoka katika programu moja na kuyapeleka katika programu nyingine. Aliyelipendekeza wazo hilo, Doug McIlroy, alilifananisha mwaka 1964 na kuunganisha vipande vya mpira wa kumwagilia bustani. Chombo hicho kilitiwa katika Unix mwaka 1973, na pamoja nacho ikakua kanuni kwamba kila programu ifanye kazi moja na kuifanya vizuri. Jina lake la Kiingereza ni lile la bomba, na mfasiri wa haraka ataandika bomba. Sisi tungependelea mfereji. Bomba limefunikwa, na kwa vijana wa leo limekwisha kuwa pia neno la kusifia kitu kizuri. Mfereji uko wazi, waweza kuukata popote na kuuelekeza kwingine, na kila shamba hufanya lake kwa maji yale yale. McIlroy mwenyewe alianza na habari ya kumwagilia; tumwachie maji yake.

5. Bure, huru na huria

Liko jambo moja ambalo Kiswahili kimewashinda wenye lugha yao. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akidai kwamba mtu awe na haki ya kuisoma, kuibadili na kuigawa programu anayoitumia. Neno la Kiingereza alilolitumia lina maana mbili, ya kutolipa na ya kutofungwa, na tangu hapo wafuasi wake wamekuwa wakieleza bila kuchoka kwamba hawasemi habari ya bei. Mwaka 1998 baadhi yao walichoka, wakaunda istilahi nyingine inayotaja uwazi wa chanzo.

Sisi tunayo maneno matatu: bure, huru na huria. Wafasiri walioandika "programu huria" walifanya kazi njema inayostahili kusifiwa. Hata hivyo tunaendelea kukuta "programu za bure" katika vitabu vya mafunzo. Kosa hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu bure katika Kiswahili ni pia kisicho na maana wala matokeo. Kazi bure ni kazi iliyopotea. Mwalimu anayeambiwa kwamba shule yake imepewa programu za bure amekwisha kuambiwa nusu ya maneno ya kuzidharau.

Kuhusu "chanzo", neno hilo tunalikubali kwa moyo mweupe. Chanzo cha programu ni yale maandishi ya fundi ambayo mtambo huyageuza kuwa kazi, kama chanzo cha maji ni pale yanapobubujika. Mwenye kuzuiwa asikifikie chanzo hunywa anachopewa. Hakuna maelezo zaidi yanayohitajika Mwanga.

6. Mizaha ya mafundi

Tabia moja ya jamii ya mafundi wa kompyuta inayowatesa wafasiri ni mizaha. Jina la GNU ni kifupisho ambacho herufi yake ya kwanza husimama mahali pa kifupisho chenyewe, hivyo kukifumbua ni kuzunguka bila mwisho. Mizaha ya namna hii haifasiriwi. Mfasiri aseme kwamba ni mzaha, aendelee na safari.

Mingine ina hatari. Programu inayofanya kazi kimya kimya nyuma ya nyingine ilipewa jina na mafundi wa MIT katika miaka ya 1960, wakimkumbuka kiumbe wa kubuni wa mwanafizikia Maxwell. Kamusi itamshauri mfasiri aandike pepo au shetani. Fikiria mwalimu wa sekondari akiwaeleza wanafunzi, watoto wa Waislamu na wa Wakristo, kwamba katika kompyuta ya shule mna mashetani kumi na wawili wanaofanya kazi usiku. Lipo neno letu la zamani linalofaa: mngoja, kama katika mngoja mlango. Hukaa, husubiri, akiitwa huamka. Ndiyo kazi yenyewe.

Kuhusu kasoro za programu, wengi husimulia habari ya nondo aliyekutwa mwaka 1947 ndani ya mashine ya Mark II ya Chuo Kikuu cha Harvard, na kwa hiyo huandika mdudu. Lakini Edison alikwisha kulitumia neno hilo kwa kasoro za mitambo tangu mwaka 1878, kwa hiyo nondo hakulizaa jina, alilichekesha tu. Katika maandishi rasmi hitilafu inatosha. Mdudu abaki katika mazungumzo ya mafundi. Kiraka, kwa upande mwingine, ni tafsiri isiyo na dosari.

Neno mdukuzi linahitaji tahadhari ya namna nyingine. Kudukua ni kuchungulia au kusikiliza yasiyokuhusu, na kwa mhalifu wa mitandao neno hilo linafaa. Lakini mafundi wa mwanzo walijiita kwa lile lile neno la Kiingereza kwa sifa, wakiwa na maana ya mtu anayeifahamu mashine hadi undani na kuipatia ufumbuzi usiotarajiwa. Tafsiri inayomwita kila mtu wa namna hiyo mdukuzi imempeleka mahakamani asiye na kosa. Kwa maana hiyo ya sifa, neno fundi, kwa heshima yote liliyo nayo katika lugha yetu, latosha.

Mwisho ni ile kaulimbiu iliyotumiwa na Facebook hadi mwaka 2014, iliyowahimiza wafanyakazi waende mbio na wavivunje vitu. Tafsiri yake ni nyepesi kuandika. Tunaloomba ni kwamba mwalimu anapoifundisha asiishie kwenye methali ya haraka na baraka, bali aulize vitu vinavyovunjwa ni vya nani. Anayeuvunja ukuta wa ndiva kwa majaribio hupoteza maji kidogo. Anayepotelewa na shamba ni aliye chini yake.

7. Kosa letu

Sasa turudi kwa mzee wetu. Waundaji wa istilahi katika nchi yetu, sisi tukiwamo, tumelelewa katika falsafa ya ukamilifu. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na tangu orodha za Tafsiri Sanifu zilipoanza kutoka katika miaka ya 1970, tumejifunza kupenda neno moja kwa dhana moja, neno fupi, lenye kunyambulika, lisilogongana na jingine. Kwa vipimo hivyo nywila ni neno zuri, na tunakiri kwamba tuliwahi kulitetea. Neno la siri ni maneno matatu, halinyambuliki kwa urahisi, na lina wingi unaosumbua. Vivyo hivyo tarakilishi, lililojengwa juu ya tarakimu na akili, lina sura ya Kiswahili kuliko kompyuta, na lina wapenzi wengi, hasa Kenya.

Umma nao umelelewa katika falsafa ya si haba. Ulipokea kompyuta, faili, vocha na bando bila kungoja kikao. Umeyapa maana mpya maneno wakala na muamala tangu huduma za fedha kwa simu zilipoingia, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Nayo maneno pakia na pakua yalipotolewa uliyakubali mara moja, kwa sababu kila mtu amewahi kuona mzigo ukipakiwa na chakula kikipakuliwa.

Je, tuseme basi kwamba umma umeshinda na kazi yetu imekwisha? Hapana. Kumbuka mfano wa Gabriel: falsafa ya si haba haiuondoi ugumu, huuhamisha. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa programu huria za ofisi zenye sura ya Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Mwaka huo huo kampuni ya Microsoft ilitangaza mpango wake wa kuzitia programu zake katika Kiswahili. Falsafa mbili zilizokuwa zikigombana Marekani zilikutana katika lugha yetu, na jitihada zote mbili zilikuwa za heshima. Lakini leo kiko kivinjari na kiko kisakuzi. Iko folda na liko kabrasha. Yapo nywila, nenosiri na neno la siri. Kila kundi lilichagua lililokuwa karibu yake, na ugumu wa kujua kwamba haya yote ni kitu kimoja umeachiwa mzee wa Usangi.

Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya kila istilahi si kwamba ni nzuri au hafifu, wala kwamba ni ya Kibantu au ya kutoholewa. Swali ni hili: mzigo wa ugumu wake unamwangukia nani?

8. Mapendekezo

Kwa kufuata swali hilo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Istilahi ambayo mwananchi wa kawaida atakutana nayo peke yake, bila mwalimu, ichaguliwe kwa kipimo cha kueleweka mara ya kwanza, hata ikiwa ndefu au ya kutoholewa. Kwa hiyo katika fomu na ujumbe wa simu iandikwe neno la siri. Tabu ya urefu aibebe mwandishi.

(b) Istilahi ambayo hutumiwa na mafundi na wanafunzi wao, kama kiolesura, ichaguliwe kwa kipimo cha usahihi, kwa kuwa watu hao wana mwalimu na muda wa kujifunza.

(c) Mfano wa maneno ufasiriwe kwa mfano unaofanya kazi ile ile katika mazingira ya msomaji. Bwawa na ndiva tumevitoa kwa ajili ya Upare. Msomaji wa Pemba au wa Ujiji bila shaka anao wake.

(d) Kabla ya kupitishwa, istilahi ya kundi la kwanza isomwe kwa sauti mbele ya watu wasiokuwa wataalamu, na maswali yao yaandikwe. Tangu sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zetu, neno lisiloeleweka halimchelewesha mtu tu, laweza kumkosesha haki.

Mzee yule alisaidiwa, akaaga, akaenda kulingoja gari la kupanda mlima. Hakuwa na ugomvi na Kiswahili. Alikizungumza vizuri kuliko ujumbe aliotumiwa. Tunawaomba wasomaji, hasa walimu na watumishi walio mezani mbele ya wananchi, watuandikie maneno ambayo watu huwauliza maana yake mara kwa mara. Ukuta wa ndiva huzibwa na wale wanaoyajua mahali maji yanapovujia.